Genesis: usianzie mwanzo, ingilia mlango wa katikati

Watu wengi wakisikia jina la Phil Collins wanamkumbuka yule jamaa wa nyimbo za mapenzi za miaka ya 80, zile za kujifungia chumbani ukiachwa. Sasa mwambie mtu kwamba huyo huyo alikuwa mpiga drams kwenye bendi iliyotoa wimbo wa dakika 23 hivi, wenye sehemu saba, unaomalizikia kwenye Kitabu cha Ufunuo, atakuangalia kama umechanganyikiwa. Ila ndo hivyo. Bendi ni Genesis, watoto wa shule ya Charterhouse kule Surrey, Uingereza, walioanza 1967 wakiwa bado wanafunzi, na wakaenda mpaka shoo ya mwisho London mwezi wa tatu 2022. Studio wametoa albamu 15, na hapo ndo mtu mpya anapotea.

Mi nilipotea. Jamaa yangu mmoja aliniambia anza na Supper's Ready, ule wimbo wa dakika 23, ndo kazi yao kubwa, nami nikaiweka kwenye spika ya simu huku nakunja nguo, dakika ya nane nikawa nimelala juu ya nguo zenyewe. Nikasema hii bendi sio yangu. Ilinichukua kama miaka miwili kurudi, na niliporudi nikaingilia albamu nyingine kabisa, ya katikati, na kila kitu kikafunguka. Kwahiyo ninachoandika hapa ni ile njia ambayo ningependa mtu anipe siku ile, na ubishi wangu wote ni mmoja, usianze mwanzo na usianze mwisho, anza 1976, alafu rudi nyuma, alafu ndo uende mbele.

Kwanza mambo ya vifaa, nitapita haraka. Roki ya progresivu, yaani roki hii ya nyimbo ndefu zenye sehemu nyingi, haisikilizwi kwa spika ya simu, sio kwamba ni dharau, ni kwamba nusu ya mambo yako chini kule kwenye besi na pembeni kabisa kulia na kushoto, spika moja inayameza yote. Hedifoni yoyote ya kawaida inatosha. Kingine zima ile kitu ya kuchanganya nyimbo hovyo, hizi albamu zimepangwa kama santuri yenye pande mbili, upande mmoja kama dakika 20 au 25, kwahiyo sikiliza upande mmoja, pumzika, kesho upande wa pili. Hakuna anayekukimbiza.

Sasa mlango wenyewe. A Trick of the Tail, imetoka Februari 1976. Unahitaji kujua kidogo kilichotokea ndo uelewe kwanini inasikika vile: Peter Gabriel, aliyekuwa mwimbaji na ndo uso wa bendi, aliondoka 1975, magazeti ya muziki yakaanza kuwaandikia tanzia, wakaweka tangazo wakatafuta mwimbaji, wakajaribu watu wengi tu, mwisho Collins aliyekuwa nyuma ya drams akaambiwa hebu jaribu wewe huu wimbo wa Squonk. Akaimba. Ikaisha hiyo, mwimbaji kapatikana, alikuwa ndani ya nyumba muda wote. Albamu ikafika namba 3 Uingereza, sawasawa na ile iliyofika juu zaidi ya enzi za Gabriel.

Kwanini uanzie hapa? Kwa sababu ina kila kitu chao kwa kipimo kidogo. Nyimbo zina kama dakika nne na nusu mpaka nane, hakuna ya 23, sauti zimerekodiwa safi, na ndani yake kuna magitaa ya nyuzi 12, kuna midundo ya kuvunja miguu, kuna hadithi za ajabu, kuna huzuni. Anza na Squonk yenyewe. Squonk ni mnyama wa hadithi za wakata miti wa Pennsylvania, ana sura mbaya, anajionea aibu, analia tu, na ukimkamata ukamtia kwenye gunia anayeyuka anabaki machozi matupu. Sasa wimbo wa mnyama anayelia we ungetegemea uwe wa kinyonge, ila drams zinapigwa nzito polepole kama mtu anabomoa ukuta, wenyewe walisema wimbo wa Kashmir wa bendi ya Led Zeppelin ulikuwa vichwani mwao. Sikiliza drams tu mara ya kwanza, maneno utayapata baadae.

Alafu nenda Ripples, piano na gitaa la nyuzi 12, katikati linaingia gitaa la Steve Hackett linalolia kama limerekodiwa kinyumenyume, hapo ukiwa na hedifoni utaelewa nilichosema pale juu. Alafu Entangled, gitaa tu na sauti zinazobembeleza kama za kumlaza mtoto, kumbe inahusu mgonjwa mikononi mwa daktari, na mwisho kinainuka kinanda kama kwaya ya mizimu. Maliza na Los Endos ambayo haina maneno, ni ala tupu, mbio mbio, na ukisikiliza vizuri utagundua vipande vya nyimbo nyingine za albamu hiyo hiyo vinarudi. Kule mwisho kabisa wakati sauti inapungua kuna mtu anaimba kitu kwa mbali. Usikitafute saa hizi, kiache, tutarudi hapo.

Kaa na albamu hii wiki moja. Kweli, wiki. Muziki huu una tabia ya kukukataa siku ya kwanza na siku ya nne unajikuta unaupiga mluzi bafuni.

Ukishazoea ndo unarudi nyuma hatua moja mpaka Selling England by the Pound, 1973, na hapa nitakaa kidogo maana kwangu hii ndo bora kuliko zote na sitaki mjadala. Hawa ndo wale watano wenyewe: Gabriel anaimba na kupuliza filimbi, Tony Banks kwenye vinanda, Mike Rutherford kwenye besi na gitaa la nyuzi 12, mara nyingi ana gitaa la shingo mbili, moja ya nyuzi 12 nyingine ya besi, na chini anakanyaga besi nyingine kwa miguu, Hackett gitaa la solo, Collins drams.

Chukua Firth of Fifth, dakika tisa na nusu, nitakuonyesha namna ya kuisikiliza maana ukiijua hii umezijua nyingine zote ndefu. Jina lenyewe ni utani, kuna ghuba Scotland inaitwa Firth of Forth, yaani kama "ya nne", wao wakaita "ya tano". Inaanza na piano peke yake, Banks anapiga kwa mwendo unaobadilika badilika kiasi kwamba mguu wako hautajua utue wapi. Alafu bendi nzima inaingia, Gabriel anaimba beti zake. Sasa kaa macho: kama katikati vitu vinanyamaza na inakuja filimbi, sauti ndogo, ya kimya, inapiga melodi moja ya huzuni. Ishike hiyo melodi. Ikamate kama unavyokamata namba ya simu ukiwa huna kalamu. Piano inaingia, inapanda, ile piano ya mwanzo inarudi safari hii imebebwa na sintesaiza na bendi nzima nyuma, alafu kila kitu kinafunguka na gitaa la Hackett linaingia likipiga ile ile melodi ya filimbi, ila sasa ni kubwa kama anga, noti moja anaishikilia mpaka unajiuliza anapumua saa ngapi. Solo ya kama dakika tatu. Mtu ambaye hakuishika ile filimbi atasikia solo nzuri tu. Aliyeishika atasikia mtu aliyekuwa anaongea kwa kunong'ona sasa amesimama anasema yale yale mbele ya watu wote.

Na hii ndo siri ya nyimbo zao ndefu zote, sio urefu wa kujionyesha, ni kwamba kitu kinapandwa mapema alafu kinavunwa mwishoni. Kazi yako msikilizaji ni kukumbuka. Basi.

Kwenye albamu hiyo hiyo kuna The Cinema Show, dakika 11 hivi, na hapa ndo pa kujifunza kuhesabu. Nusu ya kwanza ni magitaa ya nyuzi 12 na Romeo na Juliet wa kisasa wanajiandaa kwenda sinema. Baada ya hapo Collins anabadilisha mwendo, Rutherford anashika gitaa, Banks anaanza kupiga kinanda na hakiachi kwa zaidi ya dakika nne. Nyimbo nyingi tunazozijua zinahesabika moja mpaka nne alafu unarudi moja. Hii inahesabika mpaka saba. Ukijaribu kuhesabu kwa Kiswahili kamili, moja mbili tatu, ulimi unachelewa, mi nakata maneno, mo, mbi, ta, nne, ta, si, sa, alafu mo tena bila kupumzika. Mara ya kwanza utakosa, mara ya tatu utaanza kutikisa kichwa kwenye saba kama vile umezaliwa nayo, na hapo ndo utagundua kwamba haikuwa hesabu, ni densi tu yenye mguu mmoja mfupi.

Jambo lingine kwenye kipande hicho ambalo watu hawalioni: wanaopiga ni watatu tu, Banks, Rutherford na Collins. Gabriel na Hackett wamekaa pembeni. Miaka minne baadae bendi ilibaki na hao hao watatu. Yaani 1973 tayari walikuwa wanajipigia Genesis ya miaka ya 80 bila wenyewe kujua.

I Know What I Like ndo singo yao ya kwanza kufanya vizuri Uingereza, ilifika namba 21 mwaka 1974, ni fupi, inachekesha, muimba anajisemea kuhusu kukata majani na kwenye picha ya jalada kuna mashine ya kukatia majani ambayo walimuomba mchoraji, Betty Swanwick, aiongeze kwenye mchoro aliokuwa nao tayari. The Battle of Epping Forest mi huwa naruka. Maneno mengi mno, kama mtu anayekusimulia ugomvi aliouona kwenye basi na hataki kuacha hata jina moja. Wapo wanaoipenda, Mungu awasaidie.

Ukishaweza kuhesabu saba na ukishajua mchezo wa kupanda na kuvuna, sasa ndo uko tayari kwa ile iliyonilaza. Foxtrot, 1972. Upande wa kwanza unafunguliwa na Watcher of the Skies na kile kinanda cha mwanzo kinaitwa melotroni, nieleze kidogo maana utakisikia kila mahali kwenye muziki huu: ni kinanda ambacho chini ya kila kitufe kuna kipande cha utepe wa sumaku chenye sauti halisi iliyorekodiwa, violini, kwaya, filimbi, ukibonyeza utepe unapita, na baada ya kama sekunde nane utepe umeisha na sauti inakufa, inabidi uachie ubonyeze tena. Ndo maana una ule mlio wa kama orkestra iliyofungiwa chini ya maji, haujanyooka, unatetemeka kidogo. Banks aliwasha hiyo mashine akapata makodi mawili matatu mazito ndo ukawa mwanzo wa wimbo.

Upande wa pili unaanza na Horizons, gitaa tupu la Hackett, dakika moja na nusu tu, alilitoa kwenye wazo la muziki wa selo wa Bach. Usiruke, inakuosha masikio. Alafu Supper's Ready.

Namna ya kuila: usiimeze yote mara moja. Ina sehemu saba, zigawe kwa siku tatu. Siku ya kwanza sikiliza mpaka ile sehemu ya vita iishe, utasikia gitaa la Hackett anagonga nyuzi kwa vidole vya mikono yote miwili, kitu alichokuwa anafanya miaka kadhaa kabla ya mpiga gitaa Eddie Van Halen kukifanya maarufu 1978, alafu kimya kinaingia. Siku ya pili sikiliza Willow Farm, ambayo mwanzoni ilikuwa wimbo wa Gabriel unaojitegemea wakauchomeka pale katikati kwa makusudi ili kuvunja uzito, ni vichekesho vitupu, watu wanageuka vitu, stejini Gabriel alikuwa anavaa kichwa cha ua kubwa. Siku ya tatu ndo Apocalypse in 9/8, jina lenyewe linakuambia hesabu, tisa, besi na drams zinagonga tisa tisa bila huruma na Banks juu yake anapiga ogani kama hawajui wale, kwa mwendo wake mwenyewe, usijaribu kuwafuata wote wawili, chagua mmoja. Mi namfuata Collins. Alafu sauti ya Gabriel inaingia juu ya vurugu lile, na ile melodi ya mwanzo kabisa, ya dakika ya kwanza, mke na mume chumbani, inarudi safari hii ina kengele na melotroni na Yerusalemu mpya. Wamepanda dakika ya kwanza wakavuna dakika ya ishirini. Kwenye siku ya nne ndo uisikilize yote bila kusimama, na ukilala basi sio kosa langu.

Ukimaliza hapo, rudi Los Endos. Weka hedifoni, ngoja mpaka mwisho wakati sauti inafifia, ongeza sauti. Collins anaimba kwa mbali mstari wa kutoka kwenye mwisho wa Supper's Ready, yule malaika aliyesimama kwenye jua. Gabriel ameondoka, bendi iko bila yeye kwa mara ya kwanza, na kwenye sekunde za mwisho za albamu, chini kabisa pasipoonekana, wanamuimbia. Ungeanza mwanzo kwa mpangilio wa miaka ungeipita hiyo kama ukumbusho tu. Ukianza katikati inakurudia kama barua iliyochelewa kufika.

Baada ya hapo uko huru, ila nikuelekeze ya nyuma zaidi haraka haraka. Nursery Cryme ya 1971 ichukue kwa ajili ya The Musical Box, hadithi ya mtoto aliyeuawa na mwenzake kwa nyundo ya mchezo wa kroke alafu akarudi kupitia kisanduku cha muziki akazeeka ndani ya dakika chache, jalada limechorwa kisa hicho hicho. Ndo albamu ya kwanza ya Collins na Hackett. Trespass ya 1970 ina The Knife, wimbo mkali, zilizobaki ni nzuri kwa jioni ya mvua. Ile ya kwanza kabisa, From Genesis to Revelation ya 1969, achana nayo mpaka uwe mgonjwa kabisa wa bendi hii, walikuwa watoto, na kwa jina lile na jalada jeusi maduka mengine yaliiweka kwenye rafu za muziki wa dini. Ilikufa pale pale.

The Lamb Lies Down on Broadway, 1974, nimeiacha makusudi. Ni santuri mbili, kama dakika 94, hadithi ya kijana wa New York anaitwa Rael, Mpuertoriko, anazama chini ya mji, na ndo albamu iliyowamaliza na Gabriel maana yeye alitaka kuandika maneno yote mwenyewe na wenzake wakawa wanatunga muziki chumba kingine. Ushauri wangu, usijali hadithi. Hata wanaoijua hawaielewi. Santuri ya kwanza isikilize yote, ina In the Cage na The Carpet Crawlers, ya pili chukua The Lamia na zilizobaki polepole. The Carpet Crawlers ni ya kwanza kumpigia mtu anayekuambia hapendi muziki huu, inaanza kama maji yanachuruzika na kila ubeti inaongezeka kitu kimoja tu.

Sasa twende mbele. Kati ya hapo na miaka ya 80 daraja ni rekodi ya laivu, Seconds Out, ya Paris, imetoka 1977. Ina Supper's Ready nzima ila anaimba Collins, ina Firth of Fifth bila ile piano ya mwanzo, wanaingia moja kwa moja, na drams za laivu kapiga Chester Thompson isipokuwa The Cinema Show ambayo ni ya ziara ya 1976 na kapiga Bill Bruford, aliyetoka bendi za Yes na King Crimson. Zoezi zuri: sikiliza The Cinema Show ya studio alafu hii mfululizo, ile saba ya Collins inakwenda kama maji, kwa Bruford na Collins wote wawili kwenye ile solo inakuwa kama wanarushiana mawe. Wakati wanachanganya sauti za albamu hiyo Hackett akaaga. Wakabaki watatu, na albamu iliyofuata, ya 1978, wakaipa jina linalotania hilo hilo la kubaki watatu, ...And Then There Were Three..., na humo ndo kuna Follow You Follow Me iliyofika kumi bora Uingereza na wake za mashabiki wakaanza kuja kwenye shoo, hivyo ndo wenyewe walivyokuwa wanasimulia.

Duke, 1980, ndo ya kwanza kushika namba 1 Uingereza, na hapa nina kazi ya mikono nataka uifanye. Walikuwa wameandika mfululizo mmoja mrefu wa kama nusu saa, wakaogopa watu watasema haya, Supper's Ready nyingine, wakaukatakata wakautawanya kwenye albamu. Wewe uunganishe. Tengeneza pleilisti: Behind the Lines, Duchess, Guide Vocal, Turn It On Again, Duke's Travels, Duke's End, kwa mpangilio huo, ndo walivyokuwa wanaupiga stejini 1980. Utashangaa. Guide Vocal ambayo kwenye albamu ni kawimbo kadogo ka dakika moja na kitu, kanarudi katikati ya Duke's Travels kamekuwa jitu. Duchess pale mwanzoni ile ngoma inayotiktika ni mashine ya drams, mara yao ya kwanza kuitumia. Na Turn It On Again ambayo redio zilikuwa zinaipiga kama wimbo wa kawaida, hesabu ubeti wake, utafika 13. Watu walikuwa wanajaribu kuucheza wanajikanyaga hawajui kwanini.

Kuanzia hapo mashabiki wa zamani wanaanza kununa, mi sinuni sana. Kuna jambo la sauti ulijue: Gabriel alipokuwa anarekodi London albamu yake ya tatu ya peke yake, iliyotoka 1980, akamwita Collins kupiga drams na akakataza matoazi kabisa, na fundi Hugh Padgham akapata ule mlio wa drams kubwa unaokatika ghafla kama mlango umebamizwa. Usikilize kwenye Intruder. Mwaka uliofuata Collins akautumia kwenye In the Air Tonight na miaka yote ya 80 ikasikika hivyo, na Padgham akaja kurekodi Genesis kuanzia Abacab ya 1981. Kwahiyo ugomvi wa Genesis ya Gabriel na Genesis ya Collins ni wa mashabiki, mlio wenyewe uliomfanya Collins kuwa Collins ulizaliwa kwenye studio ya Gabriel.

Kwenye albamu za miaka hiyo tafuta zile ndefu, zipo, zimejificha nyuma ya singo. Dodo na Lurker kwenye Abacab, Home by the Sea na mwendelezo wake kwenye ile ya 1983, Domino kwenye Invisible Touch ya 1986, Driving the Last Spike na Fading Lights kwenye We Can't Dance ya 1991. Mama sio ndefu sana ila isikilize usiku, mashine ya drams imepitishwa kwenye amplifaya ya gitaa inakoroma, na kile kicheko cha kutisha Collins alikichukua kwenye The Message, wimbo wa rap wa Grandmaster Flash. Whodunnit? kwenye Abacab iruke, nakuomba. Na kwa waliokonda kwa ugomvi ule, julai 1986 singo ya Invisible Touch ilikuwa namba 1 Marekani na kilichoitoa ni Sledgehammer ya Peter Gabriel.

Mwisho mambo ya toleo gani usikilize maana hapa watu wanapigana. Albamu moja ina sura zaidi ya moja. Toleo lililosafishwa 1994 ni miksi zile zile za zamani zimesafishwa tu. Yale ya 2007 na 2008 ni miksi mpya kabisa, fundi Nick Davis alirudi kwenye tepu za asili zenye kila ala peke yake akapanga upya, kwahiyo utasikia vitu vilivyokuwa vimezikwa, gitaa linatokea mahali hukulijua, ila sauti imebanwa juu muda wote, pale palipokuwa na kimya na mlipuko sasa pana mlipuko na mlipuko. Kwa mtu mpya ile ya 2007 inafaa kwa Trick of the Tail, inang'aa. Kwa Foxtrot na Selling England mi nataka miksi ya zamani, nataka ile filimbi iwe ndogo kweli ndo gitaa liwe kubwa kweli. Angalia mwaka ulioandikwa pembeni ya jina la wimbo kabla hujabonyeza. Na lile boksi la 1998 lenye Lamb laivu ya Los Angeles 1975, jua kwamba sehemu kubwa ya sauti Gabriel aliirudia studio miaka ya 90, ni mzee anamuimbia kijana, ina utamu wake ila sio ushahidi wa usiku ule.

Kama umefika mpaka hapa na bado una njaa, kuna EP ya nyimbo tatu ya 1977 inaitwa Spot the Pigeon, mbili za kwanza moja ni ya mpira na nyingine ya njiwa, kawaida tu, ya tatu ni Inside and Out. Inaanza na magitaa ya nyuzi 12, mtu ametoka gerezani kwa kosa ambalo hakufanya, nusu ya pili inawaka ala tupu, na ndo kati ya vitu vya mwisho Hackett kupiga nao studio. Haiko kwenye albamu yoyote ya kawaida, wengi hawaijui, itafute.